Mgongo Kabla ya Shingo

Katika lugha ya Kiswahili neno kabali halina sifa njema. Mtu alisikiapo hukumbuka uchochoro wa giza, mkono wa mtu asiyeonekana, na mfuko uliokwisha pekuliwa kabla mwenyewe hajarudiwa na fahamu zake. Dar es Salaam huita tendo hilo roba. Nairobi huliita ngeta. Na katika miji yote miwili maana ni moja: mtu mwovu ametoka nyuma, ameikaba shingo, amechukua mali, ametoweka. Si ajabu, basi, kwamba msomaji wa Kiswahili, aelezwapo kuwa katika jujitsu ya Brazili cheo cha juu hupewa mchezaji aliyemshika mwenziwe kutoka nyuma na kumzungushia mkono shingoni, huuliza swali ambalo si la kipumbavu hata kidogo: je, huu ni mchezo au ni somo la unyang'anyi?

Swali hili lastahili jibu, na jibu litolewalo na wapenzi wengi wa mchezo ni jibu baya. Wao husema kwamba shingo ni shingo. Aliyekaba ameshinda, aliyekabwa ameshindwa, na njia haiulizwi. Jibu hilo lingeweza kutolewa na mnyang'anyi yeyote mbele ya hakimu. Tofauti kati ya mchezaji na mnyang'anyi haimo shingoni. Imo katika kitu kinachoitangulia shingo, nacho ni utawala wa mwili. Mnyang'anyi hutaka shingo tu, maana hana muda wa kutaka kitu kingine. Mchezaji hutwaa kwanza mabega, kiuno na miguu ya mpinzani wake. Hukaa mgongoni mwake kwa utulivu. Na shingo huja mwisho, na mara nyingine haiji kabisa, wala ushindi haupungui kwa sababu hiyo. Asiyeiona tofauti hii hajaujua mchezo, hata kama amefungwa mkanda mweusi kiunoni. Kwa bahati mbaya watu wa namna hiyo ni wengi, wakiwamo walimu, waandaaji wa mashindano na watunga sheria, ambao kila mmoja kwa njia yake huifuta tofauti hii kidogo kidogo.

Asili ya jambo ielezwe kwa ufupi. Jigoro Kano alianzisha shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, na kutokana na elimu kongwe ya mapambano ya Kijapani akatengeneza judo. Mwanafunzi mmoja wa shule hiyo, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, na baadaye akafanya maskani katika mji wa Belém, upande wa kaskazini wa nchi. Huko kijana Carlos Gracie alipata mafunzo, naye akawafunza ndugu zake, mmoja wao akiwa Helio, mtu mwembamba wa mwili aliyezaliwa mwaka 1913 na kuishi miaka 95. Kabali tupu, yaani ile isiyohitaji ukosi wa vazi, ilikuwamo tayari katika hazina ya Kodokan kwa jina la hadaka-jime. Wabrazili waliiita mata-leão, maana yake kuua simba. Jina lenye majivuno kidogo kwa tendo ambalo, likitendwa vema, halina kishindo chochote.

Kwa hiyo kitu walichobadili Wabrazili si kabali bali ni mpango wa vyeo. Katika judo mwamuzi huhesabu sekunde za kumgandamiza mtu aliyelala chali. Aliye nyuma ya mwenziwe hahesabiwi kuwa amemgandamiza, hata awe amemng'ang'ania kama kupe. Mieleka ya mtindo huru ya Olimpiki hulipa alama kwa kwenda nyuma ya mpinzani na kumweka chini, lakini shangwe yake kubwa ni mabega mawili ardhini. Wabrazili walijiuliza swali jingine: ikiwa pambano halina kengele, wala mkeka, wala mtu wa kulitenganisha, ni mahali gani mtu mdogo akikaa mtu mkubwa hawezi kumdhuru? Jibu likawa: nyuma yake.

Jibu hilo halikutokana na hila. Lilitokana na umbo. Mwili wa binadamu umeumbwa kwa kazi za mbele. Macho hutazama mbele, viwiko hukunjika kuelekea mbele, na ngumi, teke, msukumo na kumbatio vyote huelekea huko huko. Upande wa nyuma mtu ana kisigino na ncha ya kiwiko, silaha mbili zisizo na macho. Mwenye kukalia kifua cha mpinzani yu juu, tena yu imara. Walakini bado yu mbele ya mikono miwili yenye uhai na chini yake kuna nyonga iwezayo kuruka ghafula, na methali isemayo aliye juu mngoje chini humhusu kila nukta. Mwenye mgongo haongojwi hivyo. Yeye huona wala haonwi. Hugusa kila kitu wala hakuna kinachomgusa kwa kumwumiza. Zaidi ya hayo, na neno hili husahauliwa na wanaomlaumu, hana haja ya kumpiga mtu usoni ili amtulize. Katika mapambano yote ya mikono mitupu hakuna mahali pengine ambapo mtu aweza kumzuia mwingine kwa ukamilifu namna hii na kumwacha mzima.

Utawala huo hujengwa namna gani? Hapa yafaa kukaa kidogo, kwa kuwa ubishi wote unategemea ujenzi huu.

Mkono mmoja hupita juu ya bega la mpinzani. Wa pili hupita chini ya kwapa lake la upande mwingine. Viganja hukutana kifuani na kufungana, kama mshipi wa kiti cha motokaa ukatavyo kifua kutoka begani hadi ubavuni. Kifua cha mshikaji hugandamana na mgongo wa mshikwaji pasiwe na nafasi ya kupenyeza hata karatasi. Kichwa hukaa karibu na kichwa, shavu kwa sikio. Miguu huzunguka kiuno kutoka nyuma na visigino huingia ndani ya mapaja ya mpinzani. Hizi ndizo kulabu, na kila mwanafunzi huzijua tangu juma la kwanza. Sasa angalia kazi ya kila kiungo. Kulabu hufuata nyonga: nyonga zikienda kushoto, kulabu huenda nazo kushoto. Mshipi wa mikono hufuata mabega. Mtu atakaye kutoroka hana budi kuyaweka mabega yake mkekani, kuuteleza mgongo wake utoke kifuani mwa mshikaji, kisha ageuke amkabili. Mara nyingi hupenda kutokea upande wa mkono uliopita chini ya kwapa, maana upande ule mshiko ni dhaifu. Kwa sababu hiyo mjuzi huchagua kuangukia upande wa pili, juu ya ule mkono unaoikabili shingo, ili mlango wa kutokea uwe juu na mtoro apande mlima.

Ikiwa mabega yameshikwa sawasawa, kulabu moja yaweza kupotea na kurudishwa bila hasara. Mwili wa juu umefungwa, na nyonga peke yake haiendi mbali. Lakini mshipi ukifunguka, kulabu mbili zilizo nzuri kabisa humshika mtu ambaye nusu yake imekwisha geuka, na nusu ya pili iko njiani. Hili hujulikana na kila aliyewahi kukaa mkekani mwaka mmoja. Miguu husaidia, mabega hutawala. Msomaji aliweke neno hili akilini, maana litahitajika katika habari ya sheria.

Kisha huja vita vya mikono. Mshikwaji ana mikono miwili na hana kazi nyingine ila kuilinda shingo yake. Mshikaji naye ana miwili. Mbili kwa mbili ni hesabu isiyokwisha, na mapambano mengi ya waanzaji huishia hapo, wawili wakivutana viganja kama watoto wanaogombea muwa. Katika siku zetu John Danaher, mwalimu aliyekulia New Zealand na kusoma falsafa katika chuo kikuu cha Columbia, amewafunza wengi njia ya kuivunja hesabu hiyo: mkono mmoja wa mpinzani hutwaliwa, hushushwa, na kufungiwa chini ya mguu wa mshikaji, hata abaki na mkono mmoja wa kupigana na miwili. Ameupa mpango huu jina la lile koti ambalo zamani wagonjwa wa akili walifungiwa mikono. Ni jina la kikatili, lakini ni la kweli. Na mpaka hatua hii, shingo bado haijaguswa.

Wale wasemao kwamba kumshika mtu nyuma ni woga hawajatazama jinsi mgongo unavyopatikana. Katika uchochoro mgongo huibwa, kwa kuwa mwenyewe hana habari kwamba ana adui. Mkekani wapinzani huanza wakitazamana, wamekwisha peana mikono, na kila mmoja ajua kwa yakini kwamba mwenziwe anautaka mgongo wake. Hata hivyo hupatikana. Aghalabu mwenyewe ndiye autoaye: amekaliwa kifuani, ameogopa uzito, akageuka kulala kifudifudi, au amejikunja kama kobe ili asipitwe ulinzi wake, au amenyosha mkono kwa pupa ukavutwa, na bega lake likapita mbele ya kifua cha mwenziwe. Marcelo Garcia wa Brazili alikuwa bingwa wa mvuto huo wa mkono. Katika mashindano ya ADCC yaliyofanyika São Paulo mwaka 2003, akiwa bado hajulikani sana, alimpata Vitor Ribeiro mgongoni na kumkaba katika muda mfupi sana, na mwisho wa mashindano akatwaa ubingwa wa uzito wa chini ya kilo 77. Hakumvizia mtu. Alisimama mbele ya macho ya mpinzani wake na ya watu wote, akafanya jambo ambalo kila mmoja angeweza kulitazamia, nalo likawezekana. Kuliita hilo woga ni kuipokonya lugha maana yake.

Lakini utetezi huu una sharti, na hapa ndipo lawama iwageukie wenye mchezo wenyewe. Mgongo hauna aibu maadamu umetawaliwa kwanza. Mwalimu anayewafunza vijana kuirukia shingo mara waonapo nyuma ya mtu, kabla ya mshipi, kabla ya kulabu, kabla ya kuutuliza mwili, awafunza ngeta na kuipa mavazi meupe. Mshika mbili moja humponyoka. Na kijana huyu ameshika shingo ambayo haijatulia na mwili ambao haujashikwa. Mpinzani huinamisha kidevu. Kijana, kwa kuwa hana subira wala hana mahali pa kusubiri, hulivuta taya kwa nguvu, hulisaga, huipinda shingo upande, na akifanikiwa huitwa hodari. Watazamaji hupiga makofi. Hakuna aulizaye kama lililoshinda lilikuwa kabali au lilikuwa maumivu ya mfupa wa taya.

Elimu ya mwili hutoa hoja nzito zaidi. Kabali iliyo sahihi haizuii pumzi. Hukunja kiwiko mbele ya koo ili koromeo likae salama ndani ya pembe ya mkono, na kuibana mishipa miwili mikubwa ya damu iliyo kushoto na kulia kwa shingo, ile ipelekayo damu kwenye ubongo. Mishipa hiyo ikibanwa vema, mtu hupoteza fahamu kwa muda wa sekunde kama 10, na akiachiwa mara hiyo hiyo hurudi. Kabali mbaya huweka mfupa wa mkono juu ya koromeo lenyewe, na hapo hatari huwa ya namna nyingine kabisa. Kati ya kabali hizi mbili tofauti ni vidole vichache, na kinachoviweka vidole hivyo mahali pake si nguvu bali ni utulivu wa mwili uliokwisha dhibitiwa. Tena ipo haki ya mshindwa. Sheria iliyo kongwe kuliko alama zote katika mchezo huu ni kwamba anayegonga kwa kiganja, mkekani au mwilini mwa mwenziwe, ameokoka, na mshikaji lazima amwachie. Ili mtu agonge yahitaji muda wa kutambua hali yake, na mkono ulio huru au sauti ya kusema. Mshikaji mwenye utawala huweza kubana polepole, kwa kuwa mpinzani haendi popote. Humpa mwenziwe nafasi ya kuamua. Asiye na utawala hana budi kubana kwa ghafula na kwa nguvu zake zote, asije akaupoteza mgongo. Kwa hiyo usalama wa anayeshindwa umo katika ubora wa anayeshinda.

Mwaka 1993 uliweka mambo mawili mbele ya macho ya ulimwengu, yote mawili katika Marekani, nayo hayajawahi kutazamwa pamoja inavyopasa. Tarehe 12 Novemba mwaka huo, mjini Denver, Royce Gracie, mwana wa Helio, mtu wa kilo zipatazo 80, alishinda mashindano ya kwanza ya UFC kwa kumkaba Gerard Gordeau wa Uholanzi kutoka mgongoni. Gordeau alikuwa amemng'ata sikio. Naye Royce, kwa hasira, hakumwachia mara alipogonga. Sifa za ushindi ule zimeimbwa miaka 30 na zaidi. Zile nukta chache baada ya kugonga hutajwa kwa kicheko. Mwaka huo huo idara ya polisi ya New York iliwakataza askari wake kabisa kumkaba mtu shingo. Marufuku hayo yalikuwapo bado tarehe 17 Julai 2014, siku ambayo Eric Garner, mtu mweusi asiye na silaha, alizungushiwa mkono shingoni kutoka nyuma na askari mmoja huko Staten Island, wenzake wakiongezeka juu yake. Alisema mara 11 kwamba hawezi kupumua, na akafa.

Wapo wapenzi wa jujitsu ambao hukasirika habari hizi zikitajwa pamoja. Husema kwamba askari yule hakuwa mchezaji, na kwamba mchezo usihukumiwe kwa matendo ya asiyeujua. Ni kweli, lakini ukweli huo una deni. Kama kweli mchezo una kitu ambacho askari yule hakuwa nacho, basi mchezo utaje kitu hicho, ukifunze kwanza, na ukilipe kuliko vingine. Ukisema kwamba ni kabali, umejipinga mwenyewe, maana mkono shingoni alikuwa nao. Alichokosa ni mambo mawili: utawala wa mwili usiohitaji shingo, na sikio la kumsikia aliyesalimu amri. La kwanza ni ustadi, la pili ni adabu. Na la pili haliwezi kukaa bila la kwanza, kwa kuwa mtu anayehofu kuponyokwa hasikii kitu.

Sasa sheria. Sheria za mashindano ndizo mwalimu mkuu wa mchezo wowote, kwa sababu vijana hujifunza kile kinacholipwa. Shirikisho kubwa la jujitsu linalojulikana kwa herufi IBJJF hulipa mgongo alama 4, sawa na kukalia kifua, wakati kupita ulinzi hulipwa 3 na kumwangusha mtu 2. Hapa hakuna ugomvi. Ugomvi upo katika ushahidi unaotakiwa. Ili alama 4 ziandikwe, visigino viwili lazima viwe ndani ya mapaja ya mpinzani, miguu isipandane, na hali hiyo idumu sekunde 3. Mchezaji akiifunga miguu yake kiunoni kwa pembetatu, yaani kifundo cha mguu mmoja kikiwa nyuma ya goti la mguu wa pili, halipwi kitu kwa ajili ya mgongo ule.

Hebu tazama jambo hili lilivyo. Pembetatu ya miguu ni kifungo kigumu kuliko kulabu mbili. Huminya kiuno, huzuia nyonga zisizunguke, na humwacha mshikaji aitumie mikono yake kwa kazi ya mikono. Mabingwa huitumia kila mahali wanaporuhusiwa kufaidika nayo. Na sheria, ikiwa imewekwa ili kupima utawala, huukuta utawala ulio mkubwa zaidi na kusema kwamba hauuoni. Huku mchezaji mwingine aliyechomeka visigino viwili, mshipi wake umelegea, mabega ya mpinzani yamekwisha gusa mkeka, huhesabiwa moja, mbili, tatu, akapata alama zake 4, na nukta ya nne mpinzani amegeuka. Yule aliyetawala hakulipwa. Yule aliyepita njia tu amelipwa. Hii ni sheria inayopima ufalme kwa kuhesabu viatu vya mfalme.

Watetezi wa sheria hii wana hoja, nazo zisikilizwe. Husema kwanza kwamba mwamuzi lazima aone, na visigino huonekana. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama pembetatu ingekuwa siri. Lakini yaonekana hata kwa mtazamaji wa kiti cha nyuma kabisa. Husema pili kwamba kupandanisha miguu ni kosa, maana mpinzani huweza kuvifunga vifundo vilivyopandana na kuviumiza. Ni kweli kwa vifundo vilivyopandana ovyo mbele ya tumbo, na mwanzaji afunzwe hivyo. Lakini pembetatu iliyofungwa nyuma ya goti ni kitu kingine, na sheria isiyotenganisha vitu viwili kwa kuwa vinafanana kwa mbali ni sheria ya mtu mwenye macho mabovu. Hoja ya tatu ni kwamba wenye miguu mirefu watawaonea wenye miguu mifupi. Hoja hii haistahili jibu refu. Hakuna aliyependekeza kwamba wenye mikono mirefu wapunguziwe alama wanapokaba.

Mashindano ya ADCC, ambayo yalianza Abu Dhabi mwaka 1998, yameamua vingine. Humo kukalia kifua hulipwa alama 2 na mgongo 3, na pembetatu hukubaliwa. Mpangilio huo ni wa haki zaidi, kwa kuwa umeuweka mgongo juu ya kifua, na umeacha kuabudu visigino. Hata hivyo nao bado wapima miguu. Hakuna sheria kubwa hata moja inayotaja mabega kama kipimo, wakati kila mwalimu mzuri huanza na mabega. Si jambo gumu kuandika: mshipi wa mikono umefungwa, kifua kimegandamana na mgongo, nyonga zimezuiwa kwa kulabu au kwa pembetatu, kwa sekunde 3. Mwamuzi awezaye kuona kisigino ndani ya paja aweza kuona mkono juu ya bega.

Dhambi iliyo kubwa zaidi ilitendwa na wale waliotaka kuufurahisha umma. Katika mashindano ya Eddie Bravo, yaliyoanza mwaka 2014, pambano likikosa mshindi huingia katika muda wa nyongeza, na huko mchezaji huchagua kuanza akiwa amewekwa mgongoni mwa mpinzani, mshipi na kulabu tayari, au akiwa ameushika mkono wa kuvunjwa. Mgongo hutolewa bure. Hakuna aliyeuvuta mkono, hakuna aliyepanda, hakuna aliyegeuka kwa hofu. Hukumu ni nani amekaba, na kama hakuna, ni nani ametoroka kwa haraka. Itakubaliwa kwamba utaratibu huu umeleta faida moja: vijana wamejifunza kutoroka mgongoni kwa bidii ambayo haikuwapo zamani. Lakini umewafunza pia kwamba mgongo ni mahali pa kuanzia, kama mstari wa mbio, na kwamba kazi ya mtu ni shingo tu. Hivyo mlango wa nyuma umefunguliwa, na ile fikra ya uchochoroni imekaribishwa ndani kwa tiketi.

Walinganishwe na hao wale walioufikia mgongo kwa miguu yao. Roger Gracie na Marcus Almeida, ambaye jina lake la mchezo ni Buchecha, walipambana mwaka 2012 kwa dakika 20 pasipo mshindi. Walipokutana tena Rio de Janeiro mwaka 2017, Roger, ambaye ndiye mkubwa kwa umri na alikuwa amekwisha kaa mbali na mashindano ya vazi kwa miaka, aliupata mgongo wa Buchecha, akautuliza, akamkaba. Mwaka 2022, huko Las Vegas, Gordon Ryan, mwanafunzi wa Danaher, alimmaliza André Galvão kwa njia hiyo hiyo mbele ya ukumbi uliojaa. Katika mapambano yote mawili mtazamaji asiyejua huona kwamba mambo yaliamuliwa mkono ulipoingia chini ya kidevu. Mjuzi huona kwamba yalikuwa yamekwisha amuliwa mapema, mabega yalipokosa njia, na kwamba muda uliobaki ulikuwa wa mshindwa kufikiri.

Na siku hizi, katika ukumbi wowote unaofuata sheria ya visigino, laweza kuonekana jambo hili. Kijana amepanda mgongoni, ameufunga mshipi, ameifunga pembetatu, na mkono mmoja wa mpinzani wake umekwisha nasa chini ya mguu. Zimebaki sekunde 40 na yuko nyuma kwa alama 2. Mwalimu wake, aliye kando ya mkeka, ampigia kelele aifungue pembetatu aweke kulabu, apate alama. Kijana asita, maana mwili wake wajua kwamba alichonacho ni bora kuliko anachoambiwa akitafute. Mwalimu arudia. Kijana afungua miguu, mkono ulionaswa wachomoka, nyonga zateleza, mabega yafika mkekani, mpinzani ageuka. Na mwamuzi, ambaye muda wote huo mkono wake ulikuwa chini, hana cha kuhesabu.